Ndimu na Ndimi

Nalipwa kwa lugha mbili,
Kiarabu safu ya kulia, Kiingereza ya kushoto,
ghorofa ya sita, Ghala, dirisha linalotazama lori za maziwa
zilizooshwa zikawa nyeupe kama kanzu ya Idi.
Lugha ya tatu naiacha garini na miwani ya jua.
Jioni naikuta ya moto.

Machi tulichapa kitabu.
Jalada lina jani, jani lina tone la umande,
na tone lile mpiga picha alilidondosha kwa sindano
maana asubuhi hiyo umande ulikataa kuja.
Neno "mazingira" limo mara sitini na moja.
Nilihesabu. Hakuna aliyeniagiza.
Tumeahidi moshi nusu, maji nusu,
ifikapo mwaka ambao mkurugenzi
atakuwa keshastaafu, anafundisha wajukuu kuogelea.

Mwezi huohuo, barua.
Haina jani. Ina kurasa nne na muhuri,
inakwenda kwa kamati inayotunga kanuni za visima na hewa chafu.
Si ya kampuni, hapana, ni ya Jumuiya ya Wazalishaji,
jumuiya ambayo anwani yake ni ghorofa ya sita,
meza ya tatu toka mlangoni,
yaani yangu.
"Tunaunga mkono kanuni hii kwa moyo wote," nikaandika,
"ila"
na hiyo ila ikazaa kurasa tatu na nusu.
Ila mkulima mdogo ataumia. Ila bei ya mtindi.
Ila mita za visima ni ghali. Ila twende hatua kwa hatua,
mara tisa hatua kwa hatua,
mtoto angekuwa ameshafika Salala kwa miguu.
"Mazingira" limo mara moja,
ndani ya jina la kamati.

Kwetu husema panya huuma huku akipuliza.
Hawasemi nani anamwandikia pumzi.

Ijumaa nakwenda Suweik kwa shangazi Zeyana.
Shamba lake lilikuwa na mindimu mia na arobaini,
ya ndimu zile ndogo za kukausha, nyeusi,
unazisikia mchuzini kabla hujavua viatu.
Bahari imekuja chini kwa chini, haikubisha hodi,
ikifuata pampu, kisima hadi kisima.
Ng'ambo ya barabara kuu kuna duara la majani ya ng'ombe,
mkono wa chuma unazunguka usiku kucha ukimwaga maji.
Najua ng'ombe ni wa nani.
Mindimu imebaki kumi na mmoja.
Ndimu zimekufa, ndimi tunazo.

"Unaandika nini huko Maskati?" akaniuliza,
kwa Kiswahili cha Wete ambacho Suweik haijamsahaulisha.
Nikatafuta neno la mashauriano ya kisera.
Nikatafuta la kipindi cha mpito.
Kiarabu kilikuwa nalo, Kiingereza kilikuwa nayo mawili.
Kiswahili kikanitazama kama anavyotazama yeye.
"Tunaomba wasubiri kidogo," nikasema.
"Nani asubiri?"
Birika likachemka. Nikaenda kuliepua
ingawa yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Juzi jibu limekuja. Kanuni imesogezwa miaka minane.
Keki ikakatwa, krimu yetu wenyewe,
na Bwana Faris akanipa kipande cha pembeni
chenye herufi mbili za neno hongera.
"Hii ni kalamu yako, Raya."
Nikakipeleka Suweik katika sanduku la barafu,
saa moja na nusu, sikufungua redio.

Shangazi alikula chote, akalamba kijiko,
akanimiminia chai.
Nikanywa. Chumvi imeshaishinda sukari.
Sikusema. Naye hakusema,
keshaizoea, au ananiheshimu.
"Tamu," akasema, akaonyesha sahani. "Mmetia nini?"
Nikaanza kumtajia: maziwa, unga, mayai, vanila,
nikanyamaza.
Naye akaendelea kusubiri,
kijiko mkononi,
kana kwamba bado sijamaliza.